Mume wa Ukutani

Mkwe wake alipokuja kumwambia kwamba kile kiwanda cha zamani cha pipi kimegeuzwa makumbusho, na kwamba Jumamosi angempeleka akakione, Winchi alimpima kwa macho kutoka viatuni hadi utosini, akamaliza kwanza kupeta mchele wake, ndipo akafungua mdomo.

"Nikaone nini? Nilikuwa ndani yake wewe bado unanyonya."

"Si ndiyo maana, mama. Wamekihifadhi vizuri. Kuna picha, kuna vyombo, kuna na mtu wa kueleza."

"Anamweleza nani?"

"Wageni."

"Basi na awaeleze hao wageni."

Lakini akaenda. Watu wa namna yake hawakatai ili wasiende; hukataa ili ijulikane kwamba wangeweza kutokwenda. Siku ilipofika alivaa gauni lake la heshima, akafunga kitambaa kichwani kwa fundo gumu, akakaa kiti cha mbele cha kigari cha mkwe wake kama mwenye shamba anayekwenda kukagua vibarua.

Winchi si jina alilopewa na wazazi. Alilipata katika kiwanda hicho hicho, chumba cha kuvuta, alipokuwa mwanamke kijana mwenye mabega mapana na shingo isiyojua kuinama. Sukari ilichemshwa upande wa pili kwenye masufuria ya shaba, ikaletwa ikitokota, ikamwagwa juu ya jiwe lililopakwa mafuta. Kabla haijapoa, mvutaji aliikusanya kwa mikono mitupu, akaitupia kwenye kulabu ya chuma iliyopigiliwa ukutani, akaivuta mpaka ikamfika magotini, akaikunja, akaitupia tena, akaivuta tena. Huanza na rangi ya chai. Ikivutwa vya kutosha hugeuka nyeupe, ikang'aa kama hariri. Ikifika hapo huna nafasi hata ya kujikuna. Unaisokota iwe kamba, unamsukumia mkataji aliye upande wa pili wa meza, naye anaikata vipande kwa mkasi kabla haijawa kioo. Mvutaji akizubaa, mkataji anavunja mkasi. Mkataji akizubaa, mvutaji ametoa jasho lake bure.

Wanaume walijaribu kazi hiyo. Walikuja wakionyesha misuli, wakaondoka wakishika viuno. Yeye alivuta kama mashine ya kunasua magari yaliyozama kwenye tope, ndipo wakamwita Winchi, na jina la kwao likasahauliwa hata na yeye mwenyewe.

Mkataji wake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu na ulimi mrefu zaidi. Yeye walimwita Mkasi, na haikujulikana kama ni kwa ajili ya chombo au kwa ajili ya mdomo.

Na ile kulabu waliiita Bwana. Mkasi ndiye aliyeanza. Siku moja, akijipangusa jasho, alisema, "Hebu mtazameni. Kutwa kasimama, hasemi, hasogei, wanaohangaika ni sisi, na jioni atasema kazi kafanya yeye. Huyu ni mume kabisa." Chumba kizima kilicheka. Tangu siku hiyo kila meza ikawa na Bwana wake, na wanawake wawili wa meza moja wakawa wake wenza. "Mke mwenzangu, nipokee." "Mke mwenzangu, Bwana leo ana kutu, hebu mpake mafuta." Ilikuwa lugha ya chumba kile tu. Ukiisema nje ya mlango, watu wanakuelewa vibaya.

Kwa mwanamke mwingine huo ungekuwa mzaha tu. Kwa Winchi ulikuwa mzaha kwa sababu haukuwa kweli hata chembe. Nyumbani alikuwa na mume wa nyama na mifupa, fundi cherehani, mtu wa maneno laini. Jioni moja fundi alikuja na maneno laini kuliko siku zote, kwamba amefikiria, na ameona ni vyema aongeze mwenza wa kumsaidia mkewe kazi. Winchi hakulia. Hakuuliza hata ni nani. Alilikunja godoro, akalifunga kamba, akaliweka nje ya mlango, akaiweka cherehani juu yake. Majirani wakatoka.

"Mswaki sichangii na mtu," akasema, "sembuse mume."

Neno hilo lilitoka mlangoni pale, likafika bombani, likafika sokoni, likarudi na nyongeza. Wanawake wengine walilitumia kuwatishia waume zao. Winchi akamlea binti yake peke yake kwa mikono yenye makovu ya sukari, na kila alipochoka hakusema amechoka, alisema, "Mswaki sichangii."

Ubaya wa mtu aliyegharamika kwa jambo ni kwamba hutaka na wengine wagharamike. Mkasi alipoposwa na mtunza ghala, mtu mwenye mke tayari, alikuja mezani na furaha yake ili amwalike mwenzake wa siku zote. Winchi alimsikiliza mpaka mwisho huku akivuta. Kisha akasema, bila kugeuza shingo, "Makombo huliwa na mwenye njaa. Nenda ukale."

Alilisema mbele ya chumba kizima. Mkasi aliuweka mkasi wake mezani polepole, akaenda kuomba kazi chumba cha kufungia pipi karatasi, na hawakusalimiana tena. Kiwanda kikafungwa, hawakusalimiana. Waume wakafa, nywele zikabadili rangi, hawakusalimiana, nao wanakaa mitaa inayopakana.

Neno la mswaki lilikuwa bado lina kazi nyumbani. Mkwe wake huyu, muuza vioo vya simu, mtu wa kutabasamu hata pasipo sababu, siku za karibuni alikuwa ameanza kuzungumzia mezani marafiki zake wenye nyumba mbili, na jinsi walivyonenepa kwa raha. Kila alipofika hapo, Winchi aliweka kijiko chini, akamtazama. Mkwe alimeza bila kutafuna. Binti wa Winchi hakuwa na ngome nyingine. Alichukua upole wa baba yake, hila zake akaziacha, na mwanamke mpole asiye na hila anahitaji mama mwenye macho makali.

Jengo lilikuwa lile lile, ila lilikuwa limeoshwa na kupakwa poda kama maiti. Halikunuka sukari tena. Lilinuka rangi na zulia. Mlangoni alisimama binti mmoja mwenye kipaza sauti kilichobanwa shavuni, akawakusanya wageni, akaanza kuwaeleza historia ya utamu tangu mwanzo wa dunia. Kwanza mzinga wa nyuki usio na nyuki, halafu mua.

Winchi aliugusa mua. Ulikuwa wa plastiki.

"Bibi, tafadhali usiguse," akasema yule binti.

"Kwani utaoza?"

Mkwe alikohoa. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukohoa. Walipita sanduku la kioo lenye karatasi za pipi za kila rangi, zimepangwa kama nishani za majemadari. Walipita sufuria ya shaba iliyosuguliwa mpaka ukajiona uso. Winchi akajiona, akaona na mkwe wake nyuma yake akijipiga picha na sufuria, akatikisa kichwa.

Chumba cha kuvuta kilikuwa na sanamu mbili za wanawake. Zilikuwa zimevaa glavu nyeupe, midomo imepakwa rangi, meno nje. Moja ilikuwa imeshika kamba ya sukari ya plastiki iliyoning'inia kwenye kulabu. Kulabu ndiyo peke yake iliyokuwa ya kweli. Winchi aliitazama, nayo ikasimama vile vile inavyosimama siku zote.

"Hapa, wageni wetu," akasema binti wa kipaza sauti, "ndipo akina mama walipovuta sukari huku wakiimba. Nyimbo ziliwapa nguvu."

"Tulikuwa tunatukanana," akasema Winchi.

Wageni wakacheka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Winchi akawapa kisogo, na kwa kuwapa kisogo ndipo akaiona picha.

Ilikuwa kubwa, ukutani, nyuma ya kioo. Yeye mwenyewe kushoto, mabega yameijaza fremu. Mkasi kulia, mkasi mkononi. Na katikati, kifua mbele, msimamizi wa chumba, mtu aliyekuwa na masharubu kama brashi ya kuoshea chupa na akili kama chupa yenyewe. Aliikumbuka siku hiyo. Mpiga picha alikuja kwa ajili ya meza, msimamizi akasikia, akaja mbio akajichomeka katikati. Chini ya picha palikuwa na kibao chenye maandishi.

"Soma," akamwambia mkwe wake.

Mkwe alisogea, akafungua mdomo, macho yake yakatangulia mbele ya sauti. "Msimamizi wa chumba cha kuvuta," akasoma, "akiwa na... wafanyakazi."

"Endelea."

"Ndiyo mwisho, mama."

"Maneno ya pale ni marefu kuliko yaliyotoka mdomoni mwako."

Winchi alizijua herufi ukubwani, na hazikumpenda, lakini zikimwona hujipanga. Aliweka kidole kwenye kioo palipokatazwa kuguswa. "A-ki-wa na... wa-ke... za-ke... wa-wi-li." Akakirudisha kidole mwanzo. "Wake zake wawili?"

"Wake, mama, ni wa kwake," akasema mkwe haraka. "Yaani wafanyakazi wake."

"Na hiyo zake ni ya nani?"

Mkwe alikosa pa kuiweka. Ilibidi amalizie: Msimamizi wa chumba cha kuvuta akiwa na wake zake wawili, waliofanya kazi pamoja kwa upendo kwenye meza moja.

Mama mmoja aliyebeba mtoto alisoma kibao, akamtazama msimamizi, akamtazama yule mwanamke wa kushoto, akamtazama bibi aliyesimama mbele ya picha, akasogea pembeni kwa adabu. Winchi alimwona alivyosogea. Mtaa mzima ungekuja hapa. Shule zingeletwa. Wangesimama pale na kusoma kwamba yule bibi wa mswaki, kumbe naye, na tena kwa yule mwenye masharubu.

"Kumbe, mama..." akaanza mkwe.

"Kumbe nini?"

"Hamna, mama."

Lakini tabasamu lilikuwa limeshamkaa usoni, na halikuwa lile la siku zote. Lilikuwa la mtu aliyeokota ufunguo njiani na kuhisi kwamba anaijua nyumba yake. Winchi aliliona, akajua kwamba kibao kile kikibaki pale, mtu huyu atakula chakula chake taratibu, akitafuna.

"Mwenye nyumba hii yuko wapi?" akauliza.

Mwenye nyumba alikuwa kijana wa miwani, aliyewekwa kwenye lililokuwa ghala la sukari. Alisimama Winchi alipoingia, akamwamkia, akampa kiti, akamsikiliza bila kumkatiza, jambo lililomuudhi Winchi, kwa sababu alikuja amejiandaa kukatizwa.

"Hatukutunga, mama," akasema kijana. "Tulikwenda kwa mwenzako, yule aliyeshika mkasi. Alitueleza mwenyewe. Sauti yake ninayo hapa."

Akabonyeza kompyuta yake. Kikatoka kikohozi, kisha sauti.

"Yule? Yule alikuwa mke mwenzangu. Meza moja, bwana mmoja. Na bwana mwenyewe mgumu, hasemi neno, ukimkosea anakuchana. Tulimpenda? Nani ampende yule. Tulimzoea. Mwenzangu ndiye aliyekuwa anamweza. Akimshika yeye, anatulia. Mimi nilipoondoka nilimwachia." Kikafuata kicheko, kikamalizikia kwenye kikohozi tena. Halafu, kwa chini, kama mtu anayesema na nguo anazokunja: "Sijapata tena mwenzangu wa kazi kama yule. Jeuri, lakini sijapata."

Kijana akazima. Winchi alikuwa akitazama dirishani.

"Sauti imechakaa," akasema.

"Unaona basi, mama."

"Bwana ni ile kulabu."

"Kulabu?"

"Ile ya ukutani. Chuma. Ndiyo tuliyokuwa tukiiita Bwana. Yule mwenye masharubu nisingeolewa naye hata angekuja na mji mzima nyuma yake."

Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mjinga. Mdomo wake ulicheza kidogo, kisha ukatulia. "Inawezekana kabisa, mama. Lakini wiki iliyopita alikuja bwana mmoja anataka baba yake aandikwe fundi mkuu, naye alikuwa mlinzi. Akaja mwingine anataka mke aliyeachana naye aondolewe kwenye picha. Nikimbadilishia kila anayekuja, ule ukuta utakuwa ubao wa darasani. Maneno yale ni ya mwenzako. Aje aseme yeye kwamba bwana ni chuma, na kibao nitakitoa wewe ukiwa unaangalia."

Winchi alimtafutia kosa la kumdharau nalo. Aliona tai yake imepinda, akatosheka na hilo, akaondoka.

"Twende mtaa wa pili," akamwambia mkwe wake garini. "Nyumba yenye geti la kijani."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa mtu."

Geti lilikuwa wazi. Uani, chini ya kivuli cha bati, vikongwe wawili walikuwa wamekaa na sinia moja la maharage katikati yao, wakichambua. Mmoja alikuwa Mkasi, amekonda zaidi, vidole bado virefu. Wa pili alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa polepole, ambaye Winchi alimjua kwa kumwona tu: bi mkubwa, mke wa kwanza wa marehemu mtunza ghala. Walikuwa na miwani moja. Bi mkubwa aliivaa, akatoa vijiwe kwenye maharage, kisha akaivua, akamvisha Mkasi puani bila kumtazama, kama mtu anayejikuna sikio lake mwenyewe. Winchi aliona, akasema moyoni, hata miwani wanachangia. Mkwe wake alibaki getini, lakini masikio aliyaingiza.

Mkasi aliinua uso. Alimtazama kwa miwani, akaivua akamrudishia bi mkubwa, akamtazama tena mgeni wake bila miwani.

"Kama si Winchi ni mzimu wake," akasema. "Ila mzimu ungepiga hodi."

"Hodi."

"Umeshaingia. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa."

"Basi karibu usimame."

Bi mkubwa akataka kuinuka alete kiti, Mkasi akamshika goti. "Mwache. Huyu hata kwenye jiwe la sukari alikuwa akisimama wengine wakipumzika. Anaogopa akikaa tutadhani amechoka."

Winchi alisema alilokuja nalo, kwa maneno machache, kama anayesoma hukumu. Alisema picha, alisema kibao, alisema msimamizi. Alipofika kwenye wake zake wawili, Mkasi alianza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka bi mkubwa akamgongagonga mgongo.

"Wametuozesha yule?" akasema akijifuta machozi. "Yule wa masharubu? Mimi na wewe?"

"Umewaambia wewe."

"Mimi niliwaambia kweli tupu. Wamekuja na mashine yao, wananiuliza yule wa kushoto ni nani wako. Nikasema mke mwenzangu. Ningesema nani? Ndivyo tulivyokuwa."

"Kesho nenda ukawaambie Bwana ni kulabu."

"Nitakwenda," akasema Mkasi. "Sina neno. Na huyu atanisindikiza, anapenda kutembea." Akachukua harage moja, akaligeuza, akalitupa. Kicheko kikawa kimekwisha usoni. "Lakini na wewe una lako la kusema kwanza."

"Lipi?"

"Winchi. Usinifanye mtoto."

Bi mkubwa akaanza, "Achana nayo, mdogo wangu, mtu amekuja na jua lote hili..."

"Wewe chambua maharage. Haya ni ya wake wenza." Mkasi akamgeukia tena mgeni wake. "Ulilisema mbele ya chumba kizima. Chumba nakusamehe, wengi wao wamekwisha kufa. Lifutie hapa, mbele ya huyu mmoja. Uliniambia nakwenda kula makombo. Huyu hapa ndiye niliyekula naye. Sema tu hayakuwa makombo. Maneno mawili. Kesho asubuhi kibao kinatoka."

Winchi alifungua mdomo.

Hakuwa kipofu. Aliuona ua ulivyofagiwa. Aliwaona wanawake wawili waliomzika mume mmoja, na mume akisha kuzikwa hawakuona sababu ya kugawana masufuria. Aliona jinsi yule mnene alivyokuwa akimwekea mwenzake maharage mazuri upande wake wa sinia. Makombo hayana sura hiyo. Maneno mawili yalipanda mpaka kooni, yakafika kwenye ulimi, na hapo yakakuta godoro limekunjwa limezuia njia. Maana kama hayakuwa makombo, basi ile jioni, mbele ya majirani wote, yeye alimwaga nini? Na usiku wote ule uliofuata, na miaka yote ile ya kuinuka peke yake na kujilaza peke yake, vilikuwa bei ya kitu gani?

Mkasi alingoja. Alimngojea kama alivyokuwa akiingojea kamba ya sukari, mkono umeinuliwa nusu.

"Niliyasema," akasema Winchi. "Yamesemwa."

"Hivyo tu?"

"Mimi sili matapishi yangu. Hata nikiwekewa kwenye sahani ya maua."

Mkasi alishusha pumzi. Akachukua miwani kwa bi mkubwa, akaivaa, akainamia sinia. "Haya. Utabaki mke mwenzangu ukutani mpaka lile jengo lianguke."

"Litaanguka kabla yangu."

"Kwa kiburi hicho, ninaamini."

Winchi akageuka. Aliposhika geti alimsikia bi mkubwa akiuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye huyu uliyekuwa ukimsema kila siku?" na Mkasi akijibu, "Ndiye. Nilikwambia natia chumvi?"

Mkwe alimfungulia mlango wa gari kwa heshima iliyozidi kipimo. Alikuwa amesikia yote, na lile tabasamu lilikuwa limeshajenga nyumba. Aliendesha mtaa mzima akijikaza. Walipofika kona, ikamshinda.

"Lakini mama," akasema, macho barabarani, "wale wazee wanaishi vizuri, eh? Wamepatana kabisa. Ukiangalia sana, mambo haya watu huyakuza tu. Pengine kuna faida zake. Kusaidiana kazi, uzeeni kuna mtu wa kuongea naye. Mimi nasema tu, kwa mfano."

Winchi alimwacha aseme. Alimwacha apite duka la vifaa, apite kinyozi, apite geti la shule, mpaka maneno yakamwishia na akabaki anasikia injini.

"Umemaliza?"

"Nilikuwa nasema tu, mama."

"Na mimi naomba niseme tu. Pale ukutani nimeandikwa mke mwenza. Atakayesoma na asome, sikanushi tena, na ukipenda kawaambie wateja wako wote wa vioo. Lakini umemwona mume mwenyewe?"

"Yule wa masharubu?"

"Yule ni takataka iliyopita mbele ya kamera. Nasema mume. Yule wa chuma."

Mkwe akashika usukani kwa mikono miwili.

"Yule kutwa anasimama mahali ulipomwacha," akasema Winchi. "Hali. Hana simu. Hatoki jioni akarudi ananukia. Ukimtundikia mzigo wote wa nyumba hapindi. Wanawake wawili walimshika kila siku ya Mungu, na hakuna aliyelia kwa ajili yake. Mume wa namna hiyo nilikubali kuchangia, ndiyo, na ningemchangia hata leo. Siku wewe utakapoweza kusimama ukutani namna ile, kuanzia asubuhi mpaka jioni, bila kula, bila kusema na bila kutabasamu, njoo kwangu uniombe mke wa pili. Mimi mwenyewe nitakwenda kukuposea."

Mkwe alitafuta pa kuweka uso. Akabadili gia kabla ya wakati, gari likalia kama mbuzi aliyekanyagwa, likazimika katikati ya njia. Nyuma yao watu wakaanza kupiga honi.

"Washa," akasema Winchi, akiwa ametazama mbele. "Hata hilo hujui."